Bakuli la Mpima

Mji wenyewe usiniulize. Nikikutajia jina utakwenda kuutafuta. Ukiukosa utasema mimi mwongo, na ukiupata utanilaani mpaka kaburini. Tosheka na hili: ni mji ambao jua lake hukwama. Hufika juu ya paa la Nyumba ya Vipimo likasimama pale pale, watu wakala chakula cha mchana mara mbili, mara tatu, wakachoka kuosha vyombo, ndipo likakumbuka kushuka. Wenyeji wamezoea. Mgeni akilalamika humwambia, "Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Siku hiyo mwenye haraka alikuwa Mwatime. Huyu ni mpima wa nyoyo, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mnene kiasi, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Nyumbani kwake palikuwa na shughuli. Bintiye Saumu alikuwa anamtoa mtoto nje, arobaini imetimia, na nywele za mtoto hazinyolewi mpaka bibi ampakate. Udi ulifukizwa tangu alfajiri. "Mama, usichelewe tu," Saumu alimwambia mlangoni. Mwatime akajibu, "Kazi ya saa moja hii, mwanangu. Bandikeni wali."

Saa moja! Nisamehe, nacheka, na si jambo la kuchekesha.

Mlangoni mwa chumba cha kupimia alimkuta Bi Mashavu, bawabu wa siku zote, ameketi juu ya kigoda chake akichambua mchele. Mwatime akamwamkia shikamoo. Bi Mashavu akaitikia marahaba, akachukua mkono wa kulia wa Mwatime, akaupapasa kiganja chote, kidole kwa kidole, kama anayechagua kitambaa. Ndiyo kazi yake. Mlango ule una tundu moja la upana wa mkono, na humo ndimo karatasi ya hukumu hutolewa. Bi Mashavu huipokea kutoka katika mkono anaoujua tu. Mkono mwingine akiugusa, haipokei.

"Leo ni huyo mzuri wa sura," Bi Mashavu alisema. "Kibwana Tosiri. Jana amenifundisha kupika samaki wa kupaka. Mwanangu, kaa naye macho."

"Nimekaa na wabaya zaidi, Bi Mashavu."

"Sijasema mbaya. Nimesema mzuri."

Mwatime akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, kwa ufunguo, kama sheria inavyotaka.

Hapa lazima nikueleze sheria, na usisinzie, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mwanamke yule hakutoka. Waasisi wa nyumba ile walikuwa watu wenye imani kubwa na maji. Walisema: ulimi hudanganya, uso hudanganya, machozi nayo usiseme, lakini mwekee mhalifu bakuli lililojaa maji pomoni juu ya kiganja, kisha msomee maumivu ya mwenzake. Mwenye huruma mwili wake utashtuka bila kuombwa, na maji yatatikisika. Asiye nayo, maji yatalala. Mpima ataandika neno moja katika karatasi, Anayo au Hana. Aliyeandikiwa Anayo hutoka, akajifunze kuishi na watu upya. Aliyeandikiwa Hana hubaki.

Lakini waasisi walihofia kitu kimoja kuliko wahalifu wote wa mji. Walimhofia mpima mkavu. Kwa hiyo wakaamuru mpima naye ashike bakuli lake, aketi mkabala na mpimwa, asome huku maji yake yakionekana. Karatasi inapotolewa tunduni, bawabu huuliza, "Mpimwa, umeyaona maji ya mpima?" Akijibu nimeyaona, mambo yamekwisha. Akijibu sikuyaona, masimulizi husomwa upya, bawabu akiwa ndani, na mpima vidole amevitanua. Maji yake yakilala, kipimo ni batili: mpimwa huachiwa aende zake, na mpima hubaki chumbani mpaka siku maji yake yatakapotikisika. Kwa miaka mingi kila mpimwa alijibu nimeyaona. Nani angekuwa na nafasi ya kutazama bakuli la mwingine wakati lake lenyewe linamtoa jasho?

Na siri ya Mwatime ndiyo hii. Maji yake yaligoma mwaka wa tisa wa kazi.

Hayakugoma kwa ubaya. Siku ya kwanza kazini alitikisika mpaka akalowa kifuani, akatapika uani, akalala na homa. Mwaka wa pili alilia akiwa njiani kurudi nyumbani. Mwaka wa tano aliota ndoto za watu asiowajua. Halafu asubuhi moja akasoma habari ya mtoto aliyefungiwa kabatini, akatazama bakuli, maji yametulia tuli, na yeye anafikiria kununua vitunguu. Aliona aibu. Aibu ile ilimkaa mwaka mzima. Lakini alikuwa na mtoto wa kusomesha na hakuna kazi nyingine aliyoijua, basi akajifunza kulichokoa bakuli kwa kidole cha mwisho, kwa chini, kidogo tu, pale panapostahili. Alikuwa hodari. Waliofundishwa naye walimsifu kwa moyo wake laini.

Ala! Moyo laini.

Kibwana Tosiri alikuwa ameketi tayari, bakuli kiganjani. Kijana wa miaka thelathini na kitu, safi, kucha zimekatwa, macho ya mtu anayekusikiliza. Alinyanyuka nusu kumpa heshima bila kumwaga tone.

"Karibu, mama. Umetoka kwenye udi wa mtoto. Arobaini, bila shaka. Wa kike?"

Mwatime akaketi, akajaza bakuli lake, akafungua karatasi ya masimulizi. Mwandishi wake alikuwa msichana aitwaye Nargisi, aliye hai, anayekaa mtaa wa pili kutoka hapo, katika chumba chenye dirisha la barabarani. Mwatime akaanza kusoma kwa sauti yake ya kazi.

*Baba yangu alipougua, Kibwana jirani yetu alijitolea kumuuguza. Alimwogesha, alimlisha uji, alimpa dawa kwa mkono wake. Baba alimwita mwanangu. Kila siku baba alizidi kunyong'onyea na sisi tukazidi kumshukuru Kibwana. Siku baba alipofariki, hakuna aliyelia kama yeye. Alishika ubao wa kuoshea maiti. Aliwapikia pilau waombolezaji. Mimi nilipoishiwa nguvu alinifuta machozi kwa kanga yangu mwenyewe. Baada ya siku saba nilikuta kopo la maziwa chini ya kitanda limejaa vidonge vya baba, vyote, havijaguswa. Nilipomuuliza, hakukasirika. Alisema alikipenda chumba kile kwa ajili ya dirisha lake, na baba alikuwa anachelewa. Kisha akatabasamu akasema, na wewe Nargisi usichelewe.*

Maji ya Kibwana yalitikisika. Yalianza kutetemeka kwenye neno mwanangu, yakapanda kwenye pilau, na kwenye kanga yakamwagika matone matatu juu ya goti. Machozi nayo yakamtoka. Ilikuwa huruma kamili, isiyo na kasoro, na Mwatime akaijua papo hapo kwamba ni ya uongo, kwa sababu ilikuwa imepangwa vizuri kama alivyozoea kuipanga ya kwake. Kidole cha mwisho, kwa chini.

Walimu wake walimfundisha kwamba huruma ziko mbili, ya kichwa na ya kifua. Ya kichwa hujua unaumwa wapi. Ya kifua huumwa nawe. Watu wengi hudhani mkatili amekosa zote mbili, na hapo ndipo wanapoliwa. Mtu kama Kibwana ile ya kichwa anayo tele, kuliko mimi na wewe. Anakujua ulivyo kama mchinjaji anavyojua maungio ya mbuzi, na mbuzi akijisifu kwamba kuna anayemwelewa, shauri yake. Ile ya kifua ndiyo haipo, wala haijawahi kuwapo, na yeye mwenyewe hasikii upungufu wowote. Kibwana halali njaa ya kitu asichokijua.

Mwatime akachukua kalamu aandike Hana.

"Ngoja kwanza, mama," Kibwana alisema taratibu, machozi bado mashavuni. "Maji yako hayakutikisika."

"Yametikisika. Huoni matone haya mkononi mwangu?"

"Kidole kimetikisika. Mwanzoni ulichelewa. Ulipofika kwenye vidonge ukakumbuka kazi, ukachokoa." Akajifuta uso, na uso ukabaki mkavu na mtulivu, kama ukuta uliopigwa chokaa. "Usiogope. Nimefurahi. Miaka yote hii nilidhani niko peke yangu."

"Mimi si kama wewe!"

"Mimi sikuwa nayo. Wewe ulikuwa nayo ikakuishia. Tukiwa tumekaa hapa na mabakuli yetu, nionyeshe tofauti." Akangoja kwa adabu. Kisha akasema, "Basi sikiliza. Ukiandika Anayo, Bi Mashavu akiniuliza nitasema nimeyaona. Wewe utawahi wali wako na mjukuu wako, na mimi nitakwenda zangu. Ukiandika Hana, nitasema sikuyaona. Atakuja na kukutanua vidole. Mimi nitakwenda zangu vilevile, na wewe utabaki. Njia zote mimi natoka, mama. Ninayekuhurumia ni wewe."

"Utakwenda wapi ukitoka?"

"Unajua pa kwenda kwangu. Kile chumba kina upepo mzuri."

Hasira zilimpanda Mwatime mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani kumwagia yale maji usoni. Hofu nayo ikamshika, hofu ya kweli ya mtu aliyesikia ufunguo ukizungushwa kwa nje. Akajaribu jambo ambalo hakuwa amelijaribu kwa miaka. Akaisoma tena karatasi ya Nargisi, kimya, polepole, akiomba. Akamtia msichana yule sura, akamvisha kanga, akamweka dirishani, akamsikilizisha hatua za mtu ngazini. Akaachanisha vidole vyake vyote, akatazama bakuli.

Tuli.

*Njoo basi. Ulikuwa unakuja bila kuitwa, ulikuwa unanitapisha uani. Nargisi. Nargisi. Ni jina tu, kama majina mengine mia. Baba yake amekufa. Ndiyo, amekufa. Na mimi nauliza kama wali umeshaiva. Ee Mola, nilikuweka wapi? Nilikuweka kando kidogo ili nipate usingizi, nikasema kesho nitakuchukua, na sasa sipakumbuki mahali penyewe.*

Tunduni ikaingia sauti ya Bi Mashavu. "Karatasi tayari, mwanangu? Wamemtuma mtu kutoka kwako. Mtoto analia, wembe uko tayari, wanakungoja wewe."

Mwatime akafumba macho. Alimwona mtoto: kichwa kidogo chenye nywele za tumboni, harufu ile ya maziwa na mafuta ya nazi. Akajua kwamba akiandika neno moja, herufi tano, atakuwa amempakata kabla moshi wa udi haujakatika. Mkono ukatetemeka, na maji ya bakuli yakacheza, yakavuka ukingo, yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Kibwana akacheka kicheko cha upole. "Hayo ni yako, mama. Unajililia. Sheria inataka ya mwenzako."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akaitazama karatasi tupu. Akaigeuza, nyuma tupu, mbele tupu. Halafu, kwa utaratibu wa mtu anayekunja nguo za kufua, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya blauzi, akaweka kalamu sakafuni.

"Bado, Bi Mashavu," alisema.

"Nimwambie nini mjumbe?"

"Mwambie wamnyoe."

Mchele ukasikika tena ukitua kwenye ungo.

Kibwana alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa usoni. "Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Huwezi kukaa. Lazima uandike."

"Sheria inasema nitaandika neno moja kati ya mawili. Haijasema lini."

Na kweli haijasema. Hapo ndipo waasisi wale na akili zao zote walipopigwa chenga. Waliweka kufuli, wakaweka tundu, wakaweka swali, wakadhani wameziba kila mwanya. Haikuwapitia akilini kwamba atatokea mtu atakayeweza kutoka asitoke. Bila karatasi hakuna swali. Bila swali hakuna jibu la sikuyaona. Bila jibu, mlango ni ukuta tu wenye bawaba.

Jua lilikuwa limekwama juu ya paa. Likakwama vizuri safari ile. Mwatime alihesabu pumzi zake mpaka hesabu ikampotea. Kwa muda fulani alidhani yeye ndiye Kibwana na anamtazama mwanamke mnene mwenye mikono midogo, akishangaa huyu naye ana kosa gani. Akatazama vidole vyake ili ajirudie. Mara nyingine aliona viti viko vitatu, cha tatu ameketi yeye wa siku ya kwanza kazini, kifua kimelowa, anamkodolea macho ya lawama. Alitaka kumwambia samahani. Yule akawa hayupo.

Chakula kiliingia tunduni na vyombo vikatoka. Kila mara sauti iliuliza, "Karatasi?" na Mwatime akajibu, "Bado." Sauti ilikuwa ya Bi Mashavu, halafu ikakwaruza, halafu siku moja ikawa nyingine, ya mwanamke kijana, iliyokuwa inajifunza kuuliza, na mwenyewe akaupapasa mkono wa Mwatime tunduni. Haikuwa na habari za nyumbani. Maji yakapungua mabakulini bila mtu kuyamwaga, yakaacha duara la chumvi, yakakauka kabisa, na hapakuwa tena na kitu cha kumpimia mtu yeyote.

Kibwana alijaribu yote aliyoyajua. Alimwimbia nyimbo za kubembelezea watoto, kwa sababu alijua pa kumgusa. Alimwambia kwamba bintiye hatamsamehe. Alimtukana, akaomba radhi, akamtukana tena. Alimwambia kwamba Nargisi pengine ameshahama, ameshaolewa, ameshakufa kwa malaria, na wewe unaozea hapa kwa ajili ya dirisha tupu. Hilo lilimchoma Mwatime, maana mwenyewe alikuwa analiwaza. Lakini hakuwa na njia ya kujua, na asiye na njia ya kujua hukaa. Siku moja Kibwana alimwendea na mikono imenyooshwa kuelekea shingoni. Akasimama njiani. Mkono mwingine usingepokelewa tunduni, na yeye hakuwa mtu wa kufanya jambo lisilomfaa. Akarudi kitini.

Mwisho alilia. Mwatime alimtazama kwa jicho la kazi, akitafuta kidole cha mwisho, na hakukiona. Labda alikuwa analia kweli. Labda alikuwa amejifunza namna mpya, wakati alikuwa nao. Hata yeye mwenyewe, nadhani, hakuwa na uhakika, na hilo lilimtisha kuliko chumba.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua jibu atakalopewa. "Nikuulize. Huyo Nargisi ni ndugu yako?"

"Simjui. Sijawahi kumwona."

"Unampenda?"

"Utampendaje usiyemjua?"

"Basi unamhurumia. Imekurudia."

Mwatime akajichunguza kwa uaminifu, kama mtu anayebonyeza jino kwa ulimi aone kama bado linauma. Alibonyeza huku na huku, hakuacha pembe. Machozi yalimlenga, kwa kuwa angependa sana kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Haijarudi."

"Huna chochote?"

"Kwa ajili yake, sina."

Kibwana akainama mbele mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Kijana aliyeusoma kila uso mjini alikuwa anausoma ule mmoja, mstari kwa mstari, na haumwelei.

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ukitoka utakwenda kwake."

Kibwana akangoja amalizie. Mwatime alikuwa amekwisha kumaliza.